Msimu wa Kukwepa

Jumatatu, 5 Machi 2007

Mazoezi asubuhi. Nimekwepa tena. Mpira umekuja usawa wa kifua, glavu ninayo mkononi, kazi yangu ni kuudaka tu. Mwili ukaruka pembeni wenyewe kabla akili haijasema neno. Mpira ukaenda zake hadi kwenye uzio. Kocha Huang akafunga kifuniko cha chupa yake ya chai, akaniangalia, akakifungua tena. Bora angenigombeza.

Kuta za bweni zinatoka jasho. Sakafu inateleza, soksi hazikauki. Wenyeji wanasema ndivyo Machi ya Guangzhou ilivyo, funga madirisha. Nimefunga. Jasho liko palepale.

Leo nimejiuliza niliingiaje humu. Oktoba nilikuwa natoka maktaba, mpira ukavuka uwanja ukaja miguuni pangu, nikaurudisha. Kutoka mbali, na haukugusa chini. Kocha akanifuata akaniuliza nasoma nini. Uhandisi wa maji, nikasema. Akasema jioni nije. Hata jina la mchezo sikulijua. Softiboli. Mmoja anarusha, wa upande wa pili anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama nyumbani, yaani kituo cha mwisho, ni pointi. Wakimgusa kwa mpira akiwa njiani, basi. Wao wanasema ametoka. Mimi nasema amekufa, kama tunavyosema Tanga kwenye rede, mchezo wetu wa utotoni.

Kisha Ling. Ndiye nahodha, yuko mwaka wa mwisho. Katuambia leo kwamba ofisi ya michezo imechoka nasi. Tangu yeye aanze chuo hatujashinda mechi hata moja. Msimu huu tusiposhinda, timu inafutwa na uwanja wanapewa wengine. Alisema huku ameinama anafunga kamba za viatu, ili tusimwone uso. Nilimwona.

Naitaka timu hii. Chuo kizima ndipo hapa tu ninapoitwa kwa jina. Kwingine mimi ni mgeni, au picha ya kupigwa na watu wasioomba ruhusa. Ushindi mmoja tu. Mtu haombi dunia.


Alhamisi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Wasichana wote wamepewa nusu siku ya mapumziko. Kocha Huang, ambaye naye ni mwanamke, amesema vizuri, kwa hiyo mna nafasi ya kufanya mazoezi. Nimekwepa. Nimedaka kidogo. Nimekwepa.


Jumamosi, 17 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mechi ya kwanza ya ligi, kwenye uwanja wetu. Ilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Xiao Fang, mrushaji wetu, alikuwa anarusha kama mtu aliyetukanwa. Tulikuwa sawa kwa pointi mpaka mwisho. Mpinzani mmoja akatoka kituo cha pili kwenda cha tatu, akachelewa, akabanwa katikati. Mbele yake mlinzi wetu, nyuma yake mimi. Mwenzangu akanirushia mpira. Nikaudaka, wallahi niliudaka. Yule dada alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, amegeuka, anakimbia. Nilichotakiwa ni kumfuata nimguse mgongoni na mpira ulio mkononi.

Nikamtandika nao.

Nilivuta mkono nikamlenga makalioni, nikampata sawasawa. Nikaruka kwa furaha. Amekufa! Nilisema kwa Kiswahili. Nikashangaa mbona nashangilia peke yangu. Mpira uliruka kutoka kwake ukabingirika mbali, na yeye, huku anajishika makalio, akaendelea kukimbia. Akafika kituo cha tatu, akafika nyumbani. Pointi. Wameshinda kwa hiyo hiyo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Xiao Fang hakuniangalia. Ling alinipiga bega mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwenye rede unampiga mtu wa katikati na mpira. Ndiyo rede yenyewe. Nimecheza tangu sijajua kusoma. Mkono ulijua jambo moja tu na ukalifanya.


Jumapili, 18 Machi

Nimekwenda mtaa wa Xiaobei kwa Shangazi Mwanahawa. Kafika wiki iliyopita kuchukua mzigo wa mashuka na mapazia, kapanga hoteli ileile ya siku zote, ghorofani, juu ya mgahawa wa Wakongo. Nimemsaidia kupatana na wenye maduka. Nilimsimulia aibu yangu nikitegemea pole. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Akaniuliza lini nitaacha mpira wa marungu nisome kilichonileta. Nikamwambia nasoma pia. Akasema mcheza kwao hutunzwa, wewe unacheza kwa watu, nani atakutunza? Nimekula wali wake nikarudi.


Jumanne, 20 Machi

Kocha kanitoa. Mechi ijayo nitakaa benchi. Alisema kwa upole na kwa maneno machache, nikaelewa yote, na hiyo ndiyo hasara ya kukijua Kichina. Mkono wangu ni mzuri, kasema, lakini sijui mchezo. Kweli. Imeuma vilevile.

Nilikaa pembeni ya uwanja chini ya msufi. Misufi ya huku haina mchezo, maua mekundu, makubwa, yanaanguka pu! kama viatu. Bibi mmoja alikuwa anayaokota akachemshie supu. Kwetu msufi ni mito ya kulalia. Nilikuwa nawaza mto wa kitandani kwa mama, Ling akaja akaketi. Akaniuliza kwa nini nilimpiga yule msichana. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Nikaona nimwoneshe, maana maneno hayatoshi. Nikavua soksi zote mbili nikazikunja mpira. Nikachukua chupa tupu ya maji. Nikamweka Ling upande huu, nikamwita Xiao Fang asimame upande ule, mimi katikati na chupa. Nikawaambia warushe, wanipige. Mimi kazi yangu kukwepa, na kila nikipata upenyo najaza chupa mchanga. Wakinipiga nimekufa. Nikiijaza kabla sijafa, wenzangu wote waliokwisha kufa wanafufuka.

Ling alirusha mara moja akaacha mikono hewani. Halafu akaketi chini akicheka hadi machozi. Kasema kwao, kijijini huko kaskazini mwa mkoa, bibi yake alimshonea kifuko cha kitambaa kilichojaa mchele, na walicheza hivihivi kila jioni, wawili pembeni wanarusha, mmoja katikati. Chupa tu ndiyo hawakuwa nayo. Xiao Fang naye kacheza. Kumbe wote wamecheza. Shabao, ndivyo wanavyokiita kile kifuko. Xiao Fang kanisamehe palepale, na kanipiga na soksi mgongoni kuhakikisha.

Ling kasema jambo ambalo nimelibeba hadi hapa kitandani. "Siku ile ulikuwa upande usio wako, Saumu. Wewe si wa kurusha. Wewe ni wa katikati."


Ijumaa, 23 Machi

Ling kamweleza Kocha. Kocha kafikiri chupa nzima ya chai. Tatizo letu la miaka yote, kasema, ni kwamba mtu wetu akibanwa katikati ya vituo anakata tamaa, anasimama aguswe. Leo kila mmoja kakaa katikati, mpira wa kweli, walinzi wawili kumkimbiza. Wamekufa wote haraka.

Mimi sikufa. Walinikimbiza mpaka Xiao Fang akaketi chini akaomba maji. Ukimwangalia mrushaji usoni umekwisha. Mwangalie bega. Bega likishuka, geuka. Hilo nilifundishwa na dada zangu kwa kipigo, uani kwetu Ngamiani.

Kocha kaniambia kitu kimoja tu: wakati wanakufukuza wewe, nani anamwangalia aliyeko kituo cha tatu? Akaondoka. Nilisimama pale nikiwa kama nimewashiwa taa.


Jumamosi, 31 Machi

Benchi. Tumefungwa vibaya. Mvua ndogo, matope, gongo linateleza. Nilibeba chupa za maji nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Wivu ulinikaa tumboni muda wote. Naandika ili nisijifanye mwema.

Ling alileta mayai ya kuchemshwa kwenye chai kwa ajili yangu, maana anajua maandazi yao yana nyama ya nguruwe. Nimekula matatu.


Jumamosi, 14 Aprili

Kocha kaniingiza mwishoni. Nimebanwa katikati, nimekwepa, nimefika kituo salama. Wapinzani walibaki wanaangaliana. Tumefungwa, lakini kwa pointi moja, na tumerudi kwenye basi tunaimba. Dereva aliuliza kama tumeshinda. Xiao Fang alimjibu bado.

Bado. Neno zuri.


Jumapili, 22 Aprili

Jana tumefungwa tena. Sina la kuongeza. Imebaki mechi moja, Jumamosi ijayo, na timu iliyochukua nafasi ya pili mwaka jana. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Sisi tumekubali kiasi cha kutosha.

Leo kwa Shangazi. Mzigo wake unapakiwa Jumamosi asubuhi kule Sanyuanli, kisha lori liupeleke bandari ya Huangpu. Ananitaka nisimame naye siku nzima. Wakala anazungumza Kichina tupu na safari iliyopita Shangazi aliwekewa mapazia ya rangi nyingine. Nikamwambia Jumamosi ndiyo mechi. Akadhani natania.


Ijumaa, 27 Aprili

Nimetoka Xiaobei na moyo mzito.

Shangazi ndiye aliyenipeleka sekondari baba alipougua. Alinishonea sare. Leo kaniomba kitu kimoja na nimemkatalia. Nilimtafutia mtu mwingine, kijana Mkongo wa pale mgahawani, anakijua Kichina kuliko mimi. Nilimwandikia kila kitu kwenye kadi, rangi, idadi, na jina la chuo na uwanja kwa herufi za Kichina endapo atanihitaji. Hakuiangalia.

"Maduka yote yananiambia mei you, hakuna, hakuna," alisema. "Sasa na damu yangu nayo inaniambia mei you. Haya. Kacheze."

Hakuitikia shikamoo yangu ya kuaga. Alikuwa anakunja mapazia ya sampuli, akayakunja tena.

Nimemwomba Mungu anisamehe. Halafu nimemwomba ushindi. Sijui kama inafaa kuomba vyote viwili kwa pumzi moja.


Jumamosi, 28 Aprili

Nianze mwanzo la sivyo nitaruka mambo.

Joto. Si ukungu tena, joto lenyewe, la Tanga kabisa. Nilifunga kitambaa changu vizuri chini ya kofia. Kocha kanipanga tangu mwanzo. Hii ni mechi ya mwisho ya Ling, tushinde tusishinde.

Wametangulia. Tukasawazisha. Wametangulia tena. Niliudaka mpira mmoja uliokuja juu, na mwingine niliukwepa, mwili ni mwili. Xiao Fang aliendelea kurusha lakini katikati ya mchezo niliona anaushika mkono wake kila baada ya mpira. Tukasawazisha tena. Ikabaki zamu yetu ya mwisho ya kupiga.

Tulipokuwa tunabadilishana nafasi nikamwona. Nje ya uzio, chini ya msufi ambao maua yamekwisha, mwanamke amevaa dera la njano na mkoba mkubwa begani. Shangazi Mwanahawa. Peke yake, amekuja na teksi na ile kadi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba walipakia alfajiri, yule Mkongo akapiga kelele kwa niaba yake, na rangi zote zilikuwa sawa. Wakati ule nilijua tu kwamba amekuja, na uso amekunja. Hakunipungia. Akaweka mkoba chini akasimama.

Basi. Wawili wetu wakafa upesi. Akifa wa tatu, tunarudi kuzuia, na mkono wa Xiao Fang umekwisha, kila mtu anauona. Ling kwa bahati na mbio zake alikuwa amefika kituo cha tatu. Mimi nikapata kituo cha kwanza kwa sababu mrushaji wao alikosa shabaha mara nne. Nyuma yangu anakuja kupiga msichana wa mwaka wa kwanza ambaye msimu mzima hajagusa mpira.

Nikamwangalia Kocha. Alifunga kifuniko cha chupa ya chai. Hiyo ndiyo ishara tuliyokubaliana.

Sheria ni hii, na tulikuwa tumeizungumza sana: mimi nikijibanisha katikati ya kituo cha kwanza na cha pili, wakanifukuza, Ling atakimbilia nyumbani. Akikanyaga nyumbani kabla sijaguswa, pointi ni yetu hata nikifa. Nikiguswa kwanza, hakuna kitu.

Mpira ulipotoka mkononi mwa mrushaji, nikatoka. Nusu ya njia nikasimama. Mdakaji wao akarusha kituo cha pili. Nikageuka. Mwenye mpira akanifuata, akarusha kituo cha kwanza. Nikageuka tena. Ling alitoka hatua mbili, wakamtazama, akarudi. Ikawa hivyo, huku, kule, mimi katikati. Pumzi inaniisha. Vumbi mdomoni. Wasichana wetu walikuwa wanapiga kelele kwa Kichina na sikusikia hata neno moja.

Nikasikia moja la Kiswahili.

"Mwangalie bega! Kwepa, Saumu! Usife, mwanangu, usife!"

Shangazi alikuwa amekwea kwenye ukingo wa uzio, ameshika nyavu kwa mikono miwili, dera limepanda magotini. Nilikuwa nimesahau. Yeye ndiye aliyewafundisha dada zangu. Uani Ngamiani, kabla mimi sijazaliwa, hakuna aliyewahi kumuua kwenye rede.

Nikaangalia bega. Likashuka. Nikainama, mkono wenye mpira ukapita juu ya kofia. Nikageukia upande wa pili, yule akarusha, mpira ukiwa hewani Ling akaondoka. Safari hii moja kwa moja. Aliyeudaka aliona, akasita. Arushe nyumbani kumzuia Ling au aniguse mimi? Nilimwona akisita, nami nikarudi nyuma hatua moja, nikamvuta. Akanifuata. Akaninyooshea mkono. Nikapinda kiuno nikamkosesha. Akanirukia, akanigusa begani, tukaanguka wote wawili.

Nimekufa. Nikainua uso kutoka mavumbini kutafuta nyumbani. Ling alikuwa amesimama juu ya kituo kwa miguu miwili, kama mtu aliyepandwa pale. Mwamuzi akanyoosha mikono kuhesabu pointi, na mchezo ukaishia hapo.

Sijui nani aliniinua. Xiao Fang alikuwa analia kwa sauti. Ling hakulia, alikuwa ananiita jina tu. Kocha alimwaga chai yote, sijui kwa makusudi au vipi. Nilikimbilia kwenye uzio. Shangazi alikuwa amekwisha kushuka, anafunga kilemba upya, uso wa kazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," alisema. Kisha akasema, "Ile ya kwanza ulichelewa kugeuka."

Mkobani mlikuwa na chapati. Za timu nzima. Alizipika jana jioni, baada ya mimi kuondoka.


Jumapili, 29 Aprili

Mwili mzima unauma. Furaha inauma pia.


Jumanne, 8 Mei

Shangazi kasafiri Ijumaa. Mzigo wake uko majini. Ofisi ya michezo imetubandikia ratiba ya uwanja mpaka mwaka ujao, Jumatatu na Jumanne na Alhamisi asubuhi. Jina la Ling halimo tena kwenye orodha ya timu, anaandika utafiti wake wa mwisho. Alikuja hata hivyo, akaketi benchi na kitabu ambacho hakukifungua.

Wapya wawili wamejiunga. Wameanza kwa kuwekwa katikati. Wenzao wanawapigia kelele "kwepa" kwa Kiswahili, wote, hata Kocha.

Kuta za bweni zimekauka. Soksi pia.

Karibu na mwisho wa mazoezi mmoja wa wale wapya alirusha mpira kwa nguvu, ukanijia usawa wa kifua. Nimeudaka. Kocha Huang akafungua chupa yake, akanywa. Nikamrudishia msichana mpira wake, tukaendelea.